Maziwa Moto Ndani ya Friza: Jinsi Cibitoke Inavyozipokea Habari za Sayansi

Habari za sayansi huingia Cibitoke wakati wa jioni, pamoja na moshi wa makaa na mazungumzo ya watu warudio makwao. Haziji na mtaalamu aliyevaa koti jeupe. Huletwa na redio iliyotundikwa kwenye msumari, au na simu ya kijana aliyesoma kichwa cha habari tu, kisha salio lake likamwishia kabla hajaifikia habari yenyewe. Ifikapo saa mbili za usiku, kila uvumbuzi wa walimwengu umekwisha kupewa hukumu yake, wala rufani haikubaliwi.

Cibitoke inayosemwa hapa ni ile ya mjini, mtaa wa kaskazini mwa Bujumbura uliopakana na Ngagara na Mutakura, ambao njia zake huitwa kwa namba. Si ile Cibitoke ya mashamba, kule mpakani na Kongo. Kwenye mojawapo ya njia hizo pana nyumba ya askari polisi mmoja, na nje ya ukuta wake pana benchi la mbao lisilo na mwenyewe. Hapo huketi sajini mstaafu wa jeshi, fundi wa baiskeli, mwalimu wa shule ya msingi, na yeyote apitaye mwenye la kusema. Mke wa askari huwa mlangoni, kwani huuza barafu: vikombe vya maziwa na vya juisi ya marakuja vilivyogandishwa, ambavyo watoto huvilamba njia nzima. Wote humwita Mama Barafu, naye huitika.

Hebu msomaji azisikie hukumu chache za benchi hilo.

Tarehe 10 Aprili 2019 wataalamu walitoa kwa mara ya kwanza picha ya shimo jeusi, lililo katika kundi la nyota liitwalo M87, mbali kiasi kwamba mwanga wake husafiri takriban miaka milioni 55 kabla ya kutufikia. Walitumia darubini nane za mawimbi ya redio, zilizotawanyika duniani na kuunganishwa zikawa kama moja. Sajini aliitazama picha hiyo kwenye simu ya fundi, akaisogeza mbali na macho, akaikaribisha, kisha akasema kwamba yeye amechimba mahandaki kwa miaka ishirini, tena kwa sepetu, na hakuna hata siku moja aliyekuja mtu kumpigia picha shimo lake.

Benchi lilicheka, na lilikuwa na haki ya kucheka. Hata hivyo, sajini alikosea mambo mawili. Kwanza, kile si shimo la kuchimbwa, bali ni maada iliyosongamana mno hata mwanga wenyewe hauwezi kuchomoka. Kinachoonekana pichani ni gesi yenye moto mkali izungukayo weusi ule. Pili, habari hiyo si ya watu wa mbali peke yao. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, chombo kidogo cha angani kilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, ambalo Waitalia walikuwa wamelisimika baharini karibu na Malindi. Kwa heshima ya siku hiyo chombo kikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Kilikuwa cha kwanza duniani kutumwa mahsusi kuchunguza miali ya eksirei itokayo angani, na miongoni mwa vitu kilivyovipima ni Cygnus X-1, ambacho baadaye wataalamu wengi walikubaliana kuwa ni shimo jeusi. Kwa maneno mengine, handaki analolidharau sajini lilianza kupelelezwa kutoka pwani ile ile ambako watu husema “uhuru” pasipo kuhitaji mkalimani.

Mwalimu alipoyaeleza hayo, sajini alinyamaza kidogo, akauliza kama waliokilinda chombo hicho walikuwa wanamaji au askari wa nchi kavu. Hakupata jibu. Akaona ameshinda.

Habari ya mwezi ilipokewa kwa namna nyingine. Tarehe 23 Agosti 2023 chombo cha India, Chandrayaan-3, kilitua karibu na ncha ya kusini ya mwezi, mahali ambapo hakuna taifa lililokuwa limewahi kutua. Ilikuwa kazi kubwa, na benchi liliikubali. Lakini mwaka uliofuata, 2024, petroli ilipoadimika Bujumbura na foleni za magari zikalala nje ya vituo, Mama Barafu aliikumbuka India upya. Akataka waulizwe wale waliofika mwezini kama huko wamekuta kituo chenye mafuta, ili watu wa Cibitoke wapange foleni mapema. Mtu mmoja tu hakucheka, naye ni fundi wa baiskeli. Miezi ile kwake ilikuwa ya mavuno. Alikuwa na baiskeli zilizolala chini ya mwembe zikingoja zamu kama wagonjwa.

Na ndege zisizo na rubani? Tangu Oktoba 2016 nchini Rwanda ndege ndogo za namna hiyo huruka kutoka Muhanga zikipeleka damu hospitalini, na zikifika huidondosha kwa mwavuli mdogo, kisha hugeuka na kurudi. Sajini alipendekeza nasi tuletewe ndagala kutoka ziwani kwa njia hiyo, wakiwa wabichi. Askari mwenye nyumba akaonya kwamba mzigo wa ndagala ukidondoka Cibitoke kwa mwavuli, hautapata muda wa kugusa ardhi. Mzaha ulikuwa unanoga, lakini Mama Barafu hakuuingia. Mwanamke aliyewahi kujifungua usiku wa mvua, damu ikimtoka na gari halipatikani, haoni kichekesho katika habari hiyo. Alisema tu, “Hiyo ndiyo sayansi,” akaingia ndani.

Pengine benchi hucheka lisipopaswa, na pengine huamini lilipopaswa kucheka. Kila mwaka, ukikaribia mwezi wa Agosti, huzunguka ujumbe wa simu usemao kwamba usiku wa tarehe 27 sayari ya Mirihi itaonekana kubwa sawasawa na mwezi. Asili yake ni jambo la kweli: tarehe 27 Agosti 2003 Mirihi iliikaribia dunia kuliko ilivyowahi kuikaribia kwa muda wa miaka ipatayo 60,000. Ila hata siku hiyo ilikuwa mbali kilomita zaidi ya milioni 55, na kwa macho matupu ilikuwa nukta nyekundu inayong’aa, basi. Ukweli ukafa, uwongo ukabaki na afya njema. Fundi wa baiskeli amekwisha kukesha uani mara mbili na jamaa yake yote. Asipoiona, husema ni mawingu, ijapokuwa Agosti ni kiangazi.

Lakini yote hayo yalikuwa ya mbali: mwezini, Mirihi, Muhanga. Jambo lililowagombanisha lilitoka ndani ya friza ya nyumba ile ile.

Utetezi wa mtuhumiwa

Mama Barafu ana sheria isiyovunjwa. Maziwa huchemshwa, hutiwa sukari, huachwa yapoe kabisa, ndipo huingizwa kwenye friza. Kitu cha moto ndani ya friza huitesa mashine, huwatia jasho jirani zake waliokwisha kuganda, na juu ya yote hula umeme. Na umeme katika nyumba hizo hununuliwa kabla ya kutumiwa, kwa kuingiza tarakimu ishirini kwenye ile mita ambayo kila mtu huiita kashi-pawa. Mama huyo huyajua matumizi ya mita yake kama mchungaji ajuavyo ng’ombe wake. Akisikia friza inaunguruma kupita kiasi, hutoka hata kama yu katikati ya sala.

Alasiri moja mwanawe wa miaka kumi na mitatu aliachiwa kazi hiyo. Vikombe sita vya kwanza alivipoza kama alivyofunzwa, akaviingiza. Sita vya pili vilikuwa bado vinatoa mvuke, na uwanjani wenzake walikuwa wameanza mpira. Kijana akavisukuma ndani vile vile, akafunga, akakimbia. Aliporudi magharibi alifungua kwa hofu, akakuta jambo asilolitazamia: vile vya moto vilikuwa vimeganda, na viwili au vitatu vya vile vilivyopozwa vilikuwa bado uji.

Mtoto mwerevu angenyamaza. Huyu akaenda kwa baba yake mbele ya benchi zima, akauliza kwa adabu, “Baba, mbona maziwa ya moto yameganda kabla ya yale ya baridi?”

Baba yake kazi yake ni kuhoji watu, na kwa miaka mingi amesikia utetezi wa kila aina. Amemsikia mtu akidai mbuzi alimfuata mwenyewe kwa hiari. Kwa hiyo hakusikia swali, alisikia utetezi. Mtoto ameingiza vitu vya moto kwenye friza kinyume cha amri, na sasa anasema kosa lake lilikuwa na faida. Alicheka mpaka akashika ubavu. Sajini akadakia kwamba basi kesho wapikie ugali ndani ya friza. Fundi akaongeza lake. Mama akaenda moja kwa moja kwenye mita, akasoma zilizobaki, akarudi asicheke hata kidogo.

Kijana akapata jina jipya usiku ule: Barafu ya Moto. Watoto wa njia nzima walilijua kabla ya asubuhi. Siku nne hakuonekana kwenye benchi, wala hakuomba simu ya baba yake ili asome, jambo ambalo zamani alilifanya kila jioni. Hilo lilimsumbua mama kuliko umeme ulioliwa.

Ni mwalimu aliyelirudisha jambo hilo. Jioni ya tano aliuliza kama kuna mtu yeyote benchini aliyepata kusikia habari za Mtanzania mmoja aitwaye Erasto Mpemba. Hakuna.

Mwaka 1963, akaeleza, Mpemba alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya sekondari ya Magamba, kule Lushoto. Wanafunzi wakitengeneza aisikrimu: huchemsha maziwa, huchanganya sukari, hupoza, hugandisha. Nafasi ndani ya friza ilikuwa haba. Siku moja mwenzake aliingiza maziwa yasiyochemshwa, naye Mpemba, kwa kuchelea kukosa nafasi, akaingiza yake yakiwa moto. Baada ya saa moja na nusu hivi yake yalikuwa yameganda, ya mwenzake bado. Akamwuliza mwalimu wake wa fizikia, akaambiwa amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, aliuliza tena. Safari hii mwalimu alisema hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ya ulimwengu, na darasa likaifanya kuwa utani: kila akosaye hesabu huambiwa ni hesabu ya Mpemba.

Hapo askari polisi alijikohoza.

Kisha akaja shuleni mtaalamu kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Denis Osborne, kuzungumza na wanafunzi. Ulipofika wakati wa maswali, Mpemba akasimama. Akataka kujua kwa nini, ukichukua vyombo viwili vyenye maji sawa, kimoja cha nyuzi 35 na kingine cha nyuzi 100, ukavitia ndani ya friza, kile cha nyuzi 100 hutangulia kuganda. Wenzake wakacheka. Osborne naye alikuwa na shaka, lakini alifanya kitu ambacho wengine wote hawakukifanya: hakujibu siku ile. Aliahidi kulijaribu, akarudi Dar es Salaam, akalijaribu. Mwaka 1969 habari hiyo ilichapishwa katika jarida la mafunzo ya fizikia, kwa majina ya wote wawili, na leo wataalamu wa dunia nzima huliita jambo hilo kwa jina la mwanafunzi aliyechekwa.

“Na kumbe ni kweli?” aliuliza Mama Barafu. Hakuwa akiuliza kwa ajili ya fizikia. Kama maziwa ya moto huganda upesi, yeye huweza kugandisha mara mbili kwa siku badala ya mara moja, na hilo ni ada ya shule.

Mwalimu, kwa sifa yake, hakutaka kumpendeza mtu. Alisema kwamba wapo waliolijaribu wakaliona, na wapo waliolijaribu wasilione. Wanaolikubali hutoa sababu nyingi. Maji ya moto hupoteza sehemu yake kwa mvuke, hivyo yabakiayo ya kugandishwa ni machache. Hupoteza pia hewa iliyomo ndani yake. Huzunguka chomboni kwa nguvu zaidi, yaliyo chini yakija juu kupoa. Na iko sababu moja ambayo kila mwenye friza kuukuu huweza kuishuhudia: kikombe cha moto huyeyusha ule ukungu ulioganda chini yake, kikakaa barabara juu ya bati lenye baridi, ilhali kikombe cha baridi hubaki kimekalia ukungu kama mtu aliyetandikiwa blanketi. Lakini mwaka 2016 wataalamu wawili wa Uingereza, Burridge na Linden, walipima kwa uangalifu mkubwa, wakasema hawakupata ushahidi wa maana. Wakaonyesha kwamba kukihamisha kipimajoto sentimita moja tu kwaweza kumfanya mtu adhani ameona ajabu. Nako Kanada mwaka 2020 wengine waliionyesha tabia ya namna hiyo kwa punje ndogo mno isiyoonekana kwa macho, si kwa maziwa. Kwa hiyo mabishano bado yapo, na wabishanao ni watu wenye maabara.

Sajini alikasirika. Alisema miaka yote hiyo, tangu 1963, na friza zote zilizoko Ulaya, na bado hawajui maziwa huganda lini! Jeshini jambo hilo lingemalizwa kwa siku moja.

Basi likamalizwe, akasema askari polisi, na sauti yake haikuwa ya mzaha.

Upelelezi wa Jumamosi

Ni jambo la kutazamwa, polisi anapoamua kuchunguza. Jumamosi asubuhi alikuja mezani na daftari, saa ya mkononi na njiti za kiberiti. Vikombe kumi na viwili, vyote vya aina moja. Maziwa ya chungu kimoja, yaliyochemshwa pamoja, yakapimwa kwa kijiko kile kile ili asitokee wa kudai kapunjwa. Sita vikaachwa vipoe kwanza na maziwa mengine yakarudishwa motoni. Kijana alitaka vikombe vya moto na vya baridi vipishane, moja hapa moja pale, ili visije vyote vya moto vikapata mahali pazuri. Baba yake alimtazama kidogo, akaandika “vipishane” katika daftari, akapiga mstari chini yake. Mama aliongeza sharti: ukungu wa friza ukwanguliwe kwanza. Hakuna mtu aliyemwambia hilo. Alikuwa amemsikiliza mwalimu kuliko wanaume wote. Kisha akaisoma mita kwa sauti kubwa, iandikwe.

Saa nne kamili mlango ukafungwa. Kila nusu saa ulifunguliwa kwa dakika moja, njiti ikachomekwa katikati ya kila kikombe, na askari akaandika: inazama, inayumba, inasimama. Saa tano unusu, vikombe viwili vya moto vilikuwa na utando juu. Kijana hakusema neno, ila masikio yake yalikuwa mekundu. Saa sita, vitatu vya baridi navyo vikawa na utando, tena mnene. Benchi lilikuwa limehamia jikoni. Fundi aliweka dau la pampu ya baiskeli upande wa moto. Sajini, upande wa baridi, akaweka heshima yake.

Saa sita na dakika ishirini umeme ukakatika.

Kelele zilizopigwa katika nyumba ile zilisikika njia ya pili, watu wakadhani ni bao. Mama Barafu alikataza mtu yeyote asifungue mlango, akaliegemea friza kwa mgongo wake kana kwamba analilinda lisikamatwe. Umeme uliporudi, alasiri imekwisha kwenda, vikombe vyote kumi na viwili vilikuwa hali moja: uji. Watoto wa majirani wakaununua kwa nusu bei na kuusifu.

Sajini alitangaza ushindi wa baridi. Fundi akatangaza ushindi wa moto, kwa hoja kwamba ndiyo uliotangulia kupata utando. Mwalimu akasema kwamba vikombe kumi na viwili ni vichache na kwamba njiti ya kiberiti si kipimajoto. Alikuwa kweli, na hakuna aliyemsikiliza.

Usiku ule askari polisi aliketi peke yake na daftari lake, akaandika taarifa kama aandikavyo kazini, kwa wino wa buluu: tarehe, mahali, vielelezo vilivyokuwapo, mashahidi watano. Palipotakiwa jina la mlalamikaji aliandika jina kamili la mwanawe, lile alilopewa alipobatizwa. Alipofika mahali pa matokeo alikaa kimya kitambo, kisha akaandika: “Uchunguzi unaendelea.” Akachukua simu, akanunua umeme wa Jumamosi ijayo kwa fedha zake mwenyewe, akampa kijana zile tarakimu ishirini akaziingize kwenye mita.